Tremolo kwenye gitaa kuukuu: pima mbao kabla hujanunua chuma

Kabla hujaanza kutazama picha za tremolo, ule mtambo wa mkono unaotikisa sauti ya gitaa la umeme, kwenye simu, tafuta rula ndefu iliyonyooka. Ilaze juu ya freti, ianzie karibu na nati ya shingo (kile kipande chenye mifereji ya nyuzi karibu na kichwa) na ipite hadi darajani, pale nyuzi zinapoegemea mwilini, kisha pima nafasi iliyobaki kati ya chini ya rula na uso wa gitaa pale darajani. Ukipata kama milimita 10, shingo yako imelala sambamba na mwili, mtindo wa magitaa ya kampuni ya Fender. Ukipata milimita 15 au zaidi, shingo imeinamishwa kwa nyuma, mtindo wa Gibson.

Namba hiyo moja inafuta nusu ya tremolo zote sokoni, hata kama moyo umeshapenda. Tremolo ya Strat (yaani Stratocaster, gitaa la Fender) hukaa chini sana. Ukiifunga kwenye gitaa la shingo iliyoinama, utanyanyua vile vibebeo sita vya nyuzi mpaka skrubu zake ziishe, na nyuzi bado zitakuwa zimelalia freti. Gitaa ambalo limeshapita mikono minne, jina lililoandikwa kichwani halikuambii kitu. Shingo inaweza kuwa ilitoka kwenye gitaa jingine kabisa. Amini rula.

Kipimo cha pili ni urefu wa uzi. Pima toka ukingo wa nati hadi katikati ya chuma cha freti ya 12, zidisha mara mbili. Milimita 648 ni urefu wa Fender, 628 ni wa Gibson. Magitaa ya Kijapani ya miaka ya 1960 na 1970, ya Teisco na wenzake, yana urefu wa kila namna, kwa hiyo usikisie. Cha tatu ni unene wa mwili. Strat ya kawaida ina milimita 44 au 45, lakini magitaa ya bei nafuu yaliyotengenezwa kwa plaiwudi yanaweza kuwa na 38 au 40. Bloku la tremolo, yaani kile kipande kizito kinachoning'inia ndani ya mwili, likiwa kamili lina kina cha kama milimita 42. Kwenye mwili wa 40 litatokeza mgongoni na kukukwaruza tumbo. Kuna mabloku mafupi ya 36 kwa ajili hiyo hiyo. Bloku liishie angalau milimita 2 ndani ya mgongo wa gitaa.

Cha nne ndicho kinachowaumiza watu wengi zaidi: nafasi toka uzi wa kwanza hadi wa sita pale darajani. Tremolo za Strat za mtindo wa zamani zina milimita 56, nyingi za Asia zina 52.5, na zipo za 54. Zote muuzaji ataziita "za Strat". Kama unaagiza kutoka Dar, mwambie aweke rula juu ya tremolo yenyewe apige picha kutokea juu kabisa, siyo ubavuni, akutumie kwa WhatsApp. Tofauti ya milimita 3.5 inatosha kuufanya uzi wa kwanza uteleze nje ya freti kila ukibonyeza. Na nauli ya basi ya kurudisha mzigo ni yako.

Kila tremolo inadai mbao yake

Jina lenyewe lina kosa ambalo limezoeleka. Tremolo ni sauti kupanda na kushuka nguvu. Kinachofanywa na mkono wa gitaa ni kubadilisha kimo cha sauti, yaani vibrato. Leo Fender alipoitoa Stratocaster mwaka 1954 akauita mtambo wake tremolo, na dunia nzima ikafuata. Tutafuata na sisi.

Kwa gitaa kuukuu ambalo halikuzaliwa na tremolo, swali la kwanza ni mbao kiasi gani utalazimika kuondoa. Mfumo wa Bigsby hauondoi karibu chochote. Unakaa juu ya uso wa gitaa, una springi moja nene chini ya mkono, na nyuzi zinajizungusha kwenye mhimili. Zipo namba, na namba zina maana: B5 ni ya mwili bapa, B7 ni ya mwili mgumu wenye uso uliotuna kama Les Paul ya Gibson, B3 ni ya magitaa yenye tumbo wazi na inashikwa na skrubu za mkiani, penye kipande cha mbao ndani. B5 na B7 zina fimbo ya ziada inayokandamiza nyuzi kabla hazijafika kwenye mhimili. Fimbo hiyo inasaidia nyuzi zisiruke darajani, ila inaongeza msuguano, na msuguano ndio adui wa tremolo zote. Ndiyo maana Bigsby inapendeza ikifungwa pamoja na daraja la rola, ambalo uzi hupita juu ya vigurudumu vidogo. Kama daraja lako la sasa ni la nguzo mbili, pima umbali kati ya nguzo (mengi ni kama milimita 74) na unene wa nguzo zenyewe: zipo nyembamba za M4 (milimita 4) na nene za M8 (milimita 8), nazo hazibadilishani bila kutoboa.

Kama hutaki tundu hata moja, Vibramate wanatengeneza bamba linalofungwa kwenye matundu ya daraja au mkia (kipande kinachoshika miisho ya nyuzi) uliokuwepo, kisha Bigsby inafungwa juu ya bamba. Na kwa magitaa ya mtindo wa Les Paul, Duesenberg wa Ujerumani wana Les Trem, inayoshikwa na nguzo mbili za mkia wa zamani, ambazo kwa kawaida zimeachana milimita 82. Gitaa likiwa zima na la asili, hizi mbili ndizo za kuziwaza kwanza. Siku ukichoka, unarudisha kila kitu kilivyokuwa.

Tremolo ya Strat inadai zaidi. Inahitaji tundu linalopenya toka mbele hadi nyuma kwa ajili ya bloku, na shimo la springi mgongoni lenye kina cha kama milimita 16. Kazi hiyo hufanywa kwa mashine ya ruta, ukikata milimita 3 au 4 kwa kila mzunguko na kigezo kikiwa kimebanwa kwa klempu. Hakuna ruta? Patasi inatosha, mradi iwe kali. Huku kwetu kusini mwa Tanzania kuna wachongaji wa Kimakonde ambao mkono wao kwenye mbao ngumu ni wa uhakika kuliko ruta iliyoshikwa na mtu mwenye haraka. Mpe mchoro wenye vipimo, gitaa lililofunikwa kwa utepe wa karatasi wenye gundi, na muda.

Floyd Rose, iliyotokea mwishoni mwa miaka ya 1970, inabana nyuzi darajani na kwenye nati. Inashuka hadi nyuzi zilegee kabisa na kurudi palepale. Lakini inadai shimo kubwa zaidi, nguzo mbili ndani ya mbao imara, na nati ya zamani ing'olewe, rafu yake isawazishwe kwa upana wa nati mpya. Kwenye mwili wa plaiwudi nguzo zile huanza kuinama mbele baada ya muda, na mbao ikishapasuka mbele ya nguzo, gitaa hilo ni la kutundika ukutani. Kwa gitaa kuukuu, hapana.

Ile ya Jazzmaster, gitaa jingine la Fender, ya 1958 ni laini na tamu, ila nayo inadai shimo la springi na pembe ya shingo inayoendana nayo. Ukishafika huko, heri utafute Jazzmaster.

Na kuna watu hawahitaji tremolo kabisa. Anayepiga rithimu ya dansi usiku kucha, au solo la sebene lililojaa noti za haraka kwenye freti za juu, mtetemo wa kidole unamtosha, na daraja lililosimama imara linampa mlio mkavu anaoutaka. Mkono unafaa pale akodi zinaposhikwa ndefu na kutikiswa taratibu, kama kwenye pambio za polepole. Hapo Bigsby inatosha na kubaki, kwani kazi yake ni nusu toni au toni moja hivi, basi.

Chumvi

Ukiishi Shangani mjini Mtwara, Mikindani, au ufukweni Lindi, kigezo cha chuma kina uzito kuliko jina la kampuni. Upepo wa bahari unakula kwa mpangilio wake. Wa kwanza kufa ni skrubu ndogo za kunyanyua vibebeo: zinashika kutu ndani ya tundu, funguo ya aleni inazunguka na kulainisha pembe za skrubu, na tangu siku hiyo hunyanyui wala kushusha tena uzi huo. Zinafuata springi, kisha makali ya bamba, lile chuma bapa linalobeba vibebeo. Bamba la chuma laini lililopakwa kromu linaonekana zuri dukani, lakini kromu ikichubuka pale kwenye makali, kutu inaingilia hapo hapo ambapo tremolo nzima inazungukia.

Kwa hiyo omba vibebeo vya shaba nyeupe au chuma cha pua, na kama tremolo inakuja na skrubu za kawaida, badilisha zile ndogo kwa za chuma cha pua kabla hujaifunga. Bloku la chuma au shaba ni bora kuliko la zinki, siyo kwa mlio tu: tundu la mkono kwenye bloku la zinki hulegea nyuzi zake za skrubu mapema, na mkono unaanza kuyumba. Bigsby ni alumini, kwa hiyo haishiki kutu nyekundu, ila inafifia na kuota unga mweupe. Hapo kuna mtego. Skrubu ya chuma cha pua ndani ya alumini, hewa ya chumvi ikiwepo, hula alumini kuzunguka skrubu. Paka grisi kidogo kwenye kila skrubu kabla ya kuifunga, itatoka siku ukiihitaji.

Beringi za mhimili wa Bigsby na makali ya Strat zinataka tone moja la mafuta ya cherehani kila ukibadilisha nyuzi. Tone moja. Mafuta yakizidi yanakusanya vumbi na kuwa msasa. Ndani ya begi weka vile vifuko vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na ufute nyuzi kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza kupiga, kwa sababu jasho na chumvi ya hewa vinafanya kazi moja.

Matundu sita

Tuseme umechagua ya Strat yenye skrubu sita, na gitaa lilikuwa na tremolo mbovu ya zamani ambayo matundu yake yamelegea. Usijaze njiti za kiberiti. Skrubu hizi hazishikilii tu. Zinavutwa mbele muda wote. Nyuzi za seti ya 9 hadi 42 (unene wa uzi kwa elfu za inchi) kwenye urefu wa 648 zinavuta jumla ya kama kilo 38, na seti ya 10 hadi 46 inafika kama 46. Njiti itasagika ndani ya mwezi.

Panua kila tundu kwa kekee ya milimita 8, kina cha milimita 30, ukizungushia utepe wa karatasi wenye gundi kwenye kekee kama alama ya kina ili usitokeze upande wa pili. Kisha tengeneza vigingi vya mpingo. Vipande vinavyobaki kwa wachongaji vinatosha, na hii ndiyo anasa ya kuishi kusini: miti ile ile ya Kilwa inayotengenezewa klarineti za Ulaya, wewe unaizibia tundu. Mpingo ni mzito hadi unazama majini, na skrubu ikishauma humo haitoki kirahisi. Ila una tabia mbili. Una mafuta, kwa hiyo gundi nyeupe ya mbao haishiki vizuri. Futa kigingi kwa asetoni, subiri kikauke, tumia araldaiti ya mirija miwili. Na unapasuka ukilazimishwa. Toboa tundu la mwanzo la milimita 3 kwa skrubu ya 3.5, paka skrubu sabuni ya mche, ingiza nusu, rudisha, ingiza tena. Acha araldaiti ikae siku nzima kabla ya kutoboa.

Mahali pa kutoboa usipapime toka kwenye matundu ya zamani, kwani huenda nayo yalikosewa. Vuta uzi mwembamba wa kushonea toka nati hadi mkiani kila upande, ufuate njia ya uzi wa kwanza na wa sita, ili upate katikati halisi ya shingo. Sogeza kibebeo cha uzi wa kwanza mbele karibu na mwisho wake, bakiza milimita moja au mbili. Ilaze tremolo ili mgongo wa kibebeo hicho uangukie sawasawa kwenye mara mbili ya kipimo cha freti ya 12. Vibebeo vingine vitarudi nyuma kidogo kidogo wakati wa kurekebisha, uzi mnene ukirudi zaidi. Ukiweka kinyume, yaani kibebeo kikiwa katikati ya safari yake, uzi wa sita unaweza kukosa nafasi, na gitaa litakuwa sawa likipigwa wazi na kuwa na uongo kwenye freti ya 12.

Skrubu zikishaingia zote, zirudishe zile nne za katikati nyuma kwa kama milimita moja na nusu. Bamba lizungukie mbili za pembeni tu. Zikikaza zote sita, kila moja inavuta upande wake, na hilo pekee linaweza kuzuia tremolo kurudi.

Waya wa ethi usisahaulike. Gitaa lililokuwa na daraja la kudumu lilikuwa na waya chini ya daraja. Sasa uulehemu kwenye kishikizo cha springi mgongoni. Kishikizo ni chuma kinene kinachonyonya joto, chuma cha kulehemea risasi cha wati 25 hakitakiweza. Tumia cha 40 hadi 60, na ukwangue kwa msasa kwanza. Ukisahau waya huo, amplifaya itavuma, na ukigusa nyuzi haitapungua. Ukigusa chuma cha jeki (tundu la kuchomekea waya wa amplifaya) ikapungua, umeshajua kosa liko wapi.

Ielee au ilale

Tremolo inaweza kuelea, ukapandisha na kushusha sauti, au kulala juu ya mbao, ukashusha tu. Kiwandani Fender huacha mwanya wa kama milimita 3 nyuma ya bamba. Mimi ningeilaza. Ikielea, uzi mmoja ukikatika katikati ya harusi, springi zinalivuta bamba nyuma na nyuzi tano zilizobaki zinapanda zote. Ikiwa imelala, tano zinabaki palepale na unamaliza wimbo. Halafu kuna hali ya hewa: huku kusini mvua ni msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili hivi, na shingo ya mbao inajongea unyevu unapobadilika. Tremolo inayoelea inasikia kila badiliko hilo.

Kuilaza: weka springi tatu kwa seti ya 9, nne kwa seti ya 10. Tyuni. Kaza skrubu mbili za kishikizo sawasawa, zungusho moja kila moja, tyuni tena, mpaka bamba liguse mbao. Ongeza nusu zungusho. Sasa vuta uzi wa tatu kwa toni nzima kwa kidole, huku ukitazama nyuma ya bamba. Likinyanyuka, ongeza nusu nyingine. Lisiponyanyuka, acha hapo. Ukizidisha, mkono unakuwa mgumu kama wa pampu ya kisima.

Inapogoma kurudi

Wengi hulaumu tremolo wakati kosa liko kichwani mwa gitaa. Shusha mkono, uachie, kisha sikiliza. Uzi ukirudi ukiwa umepanda, umenasa kwenye nati: ulipolegea ulisogea upande wa kichwa na haukurudi. Uvute uzi huo kwa nguvu kama unaubenda. Ukishuka ukakaa kwenye sauti yake, jibu umelipata. Ule mlio wa "tiki" unaousikia ukikaza uzi ni dalili hiyo hiyo. Panua mfereji kwa tupa ndogo hadi uzi uteleze, usiuongezee kina. Saga risasi ya penseli ya 2B, changanya na vaselini kidogo, paka kwa ncha ya kijiti. Fanya vivyo hivyo chini ya vile vishikizo vya nyuzi kichwani, navyo vinanasa.

Uzi ukirudi ukiwa umeshuka kila mara, tazama mizunguko yake kwenye mashine ya kukazia. Miwili au mitatu inatosha kwa nyuzi nyembamba. Sita iliyopandana inateleza. Na uzi mpya unyooshwe kwa mkono mara tatu nne, ukityuni kila mara, kabla ya kuhukumu chochote.

Kwa Bigsby kuna jambo moja zaidi. Uzi unashikwa kwa kichwa chake chenye pete kuvikwa kwenye pini ndogo chini ya mhimili, na unapenda kuchomoka kabla hujafika kwenye mashine. Kunja sentimita 2 za mwisho kwa koleo zifuate duara la mhimili kabla ya kuvika, kisha bana sponji chini ya mhimili ishikilie pini wakati unakaza. Bila hivyo kubadilisha uzi jukwaani kunachukua wimbo mzima, kwa hiyo anayepiga Bigsby kwenye harusi aje na gitaa la pili, au aje na nyuzi zilizokwishakunjwa tayari kwenye begi.

Daraja la zamani, skrubu zake na hata vumbi lake vitie kwenye kopo lenye kifuniko, uandike juu yake gitaa gani. Atakayelinunua gitaa hilo baada yako ataliulizia.